Shotigani ya risasi tatu, njiwa wasioisha na waifu asiyetaka kusikia

BARUA

Shikamoo Mjomba,

Naomba usitoe jina wala kijiji, maana huku Lincolnshire Waswahili tunahesabika kwa vidole, ukitaja tu shamba la njegere na Mtanzania ndani yake basi kila mtu ameshajua ni mimi.

Mimi ni mtu wa Ifakara, miaka 41, huu mwaka wa 15 niko Uingereza. Waifu ni Mwingereza, mtoto wa mkulima, tuna watoto wawili wa miaka 9 na 6, tunakaa nyumba ya pembeni kwenye shamba la baba mkwe na kazi yangu ni hapo hapo, trekta, mifereji, uzio, kila kitu. Nina kibali cha kukaa cha kudumu ila uraia sijachukua, kila mwaka naahirisha kwa sababu ya ile ada yao.

Sasa ishu ni njiwa. Mjomba sijui kama umewahi kuona njiwa pori wa huku wakishuka kwenye njegere changa, wanashuka mia mbili kwa pamoja, wanene kama vifaranga vya bata, wakiondoka kipande kimebaki kama kichwa kilichonyolewa na mtu mlevi. Mimi nimekulia dunguni. Babu alikuwa ananipandisha alfajiri saa kumi na moja kuamia mpunga, kwelea kwelea wakija ni teo na debe na kupiga kelele mpaka sauti inakauka, kwa hiyo kuona ndege wanakula kitu nilichopanda huwa kunanipandisha presha hadi leo.

2022 nikapata cheti cha shotigani, nikanunua semi-otomatiki ya mtumba, boa 12. Inakaa risasi mbili kwenye magazini na moja chemba, jumla tatu. Baba mkwe naye ana cheti chake, mikono yake ina baridi yabisi, na kwa kuwa hii semi haimpigi bega sana huwa anaiazima Jumamosi anakaa nayo kibandani mpaka chai. Tumeishi hivyo vizuri tu.

Halafu kuna jamaa tunayewinda naye akaniambia risasi tatu ni za nini, hiyo yako imebanwa tu, toa kizuizi weka bomba refu la magazini unapata nane. Nikamwambia si mpaka kibali? Akacheka. Akasema uko shambani kwa mkwe wako, nani atakuhesabia risasi? Wiki iliyofuata akaja na bomba lenyewe limefungwa kwenye gazeti, akaliacha kwenye banda la trekta. Lipo pale mpaka naandika, sijaligusa lakini kila nikiingia kuchukua spana naliona.

Jamaa mwingine, huyu mtu mzima anajiheshimu, akaniambia achana na huyo, fanya kihalali, omba cheti cha silaha, hii wanaita FAC, bunduki iwe ya Seksheni 1 (lile daraja la sheria lenye masharti makali zaidi), utaongeza magazini bila kuogopa mtu. Yeye ndiye alinipeleka siku moja kwenye yale mashindano ya shotigani ya kukimbia, mtu anakimbia anapiga vibati vya chuma vinaanguka, anajaza risasi huku anatembea, saa inahesabu sekunde. Mimi nilisimama tu nyuma ya kamba, nikasaidia kuokota maganda. Ilikuwa siku nzuri, nilicheka sana siku hiyo.

Tatizo la kwanza, waifu. Nilipomgusia akaweka kikombe chini taratibu (Mjomba ungemjua ungeelewa hiyo taratibu maana yake nini) akasema, "Nimekaa miaka mitatu na kabati la chuma ndani ya nyumba yangu, ufunguo wake sijui uko wapi na sheria inasema sitakiwi kujua. Sasa unataka kuongeza nini tena, na kwa nini?" Ana binamu yake anaishi Plymouth, tangu yale mauaji ya shotigani ya kule 2021 neno shotigani likitajwa mezani anaondoka.

Tatizo la pili hili sijamwambia mtu. Mama yangu alifariki Januari 2024. Ndege, hela, likizo, mpaka nafika Ifakara wameshamzika siku mbili. Niliporudi huku nikawa silali, silii, kazi naifanya kama mtu wa kukodi kwenye mwili wa mwenzake. Daktari akanipa dawa za sonona, nikatumia miezi saba, nikaacha kwa maelekezo yake na sasa niko vizuri kabisa. Polisi sikuwaambia. Nasikia ukiomba FAC lazima daktari aandike barua. Si ndiyo nitakuwa nimewapelekea mwenyewe sababu ya kuninyang'anya hata hii niliyonayo?

Kwa hiyo Mjomba nifanyeje. Niombe kihalali nihatarishe cheti, nilikubali bomba, au nikae na tatu zangu niendelee kuwaangalia njiwa wananila? Na waifu namwambiaje?

Mwanao wa dunguni

JIBU LA MJOMBA

Marahaba mpwa wangu, na pole ya mama. Imechelewa lakini pokea. Kufika siku mbili baada ya mazishi tunaokaa huku wengi tumekupitia, na hakuna anayekufundisha namna ya kulilia kaburi ambalo udongo wake umeshakauka. Nitarudi hapo.

Nikuelewe kwanza. Unataka bunduki inayobeba risasi nyingi zaidi. Njia ya mkato imeshawekwa bandani kwako ndani ya gazeti. Njia ndefu inapita kwa polisi na kwa daktari, na kwa daktari kuna kurasa hutaki zifunguliwe. Katikati ya nyumba kuna mtu ameuliza "kwa nini" na bado hujamjibu. Nimekosea?

Tuanze na la bomba maana hilo ndilo linalonikosesha usingizi mimi. Huyo jamaa yako anasema nani atakuhesabia risasi, na hapo ndipo alipoikosea sheria nzima. Hakuna anayehesabu risasi unazopiga. Sheria inaangalia bunduki ina UWEZO wa kubeba ngapi. Hata ukiweka moja tu ndani, hata ikiwa tupu imelala kabatini, kama magazini yake inaweza kupokea zaidi ya mbili basi si shotigani tena kwa maana ya kile cheti chako. Firearms Act ya 1968 ndiyo inayosema hivyo, na hicho kipengele cha risasi mbili kimeingizwa na marekebisho ya 1988, mwaka mmoja baada ya mauaji ya Hungerford ambako watu 16 waliuawa mchana kweupe. Kabla ya hapo pampu na semi za magazini ndefu zilikuwa zinakaa kwenye cheti cha kawaida tu. Kwa hiyo ile "imebanwa tu" ya rafiki yako ina historia ndefu na ya damu, haikuwekwa na karani aliyeboreka.

Tena ichunguze bunduki yako kwa utulivu. Kama ilitengenezwa ya risasi nyingi ikabanwa baadaye, magazini inatakiwa iwe na alama iliyogongwa na iwe na cheti chake cha kubanwa, kwa kawaida kutoka Proof House ya London au ile ya Birmingham, hizi ni nyumba za kupima bunduki za miaka na miaka. Hiyo alama ndogo, ambayo labda umekuwa ukiipangusa mafuta kila Jumapili bila kuisoma, ndiyo inayoifanya bunduki yako iwe halali kwenye cheti ulichonacho. Ukikivunja kizuizi, unakuwa na silaha ya Seksheni 1 bila kibali chake, na adhabu yake inafika miaka 5 jela. Sasa ongeza na hili ambalo jamaa yako Mwingereza hana sababu ya kulifikiria: wewe si raia. Sheria ya mipaka ya 2007 inasema mgeni akihukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi, serikali inatakiwa imfukuze nchini, na milango ya kukwepa hapo ni michache na myembamba. Yeye akikamatwa anapoteza bunduki na muda. Wewe unaweza kupoteza Lincolnshire nzima pamoja na wale wawili wa miaka 9 na 6.

Bomba peke yake si bunduki, sitaki upaniki ukalitupe mtoni. Lirudishe kwa mwenyewe likiwa kwenye gazeti lake.

Haya, njia halali. Ipo, na watu wanaipita kila siku. Unaomba FAC, unaeleza ni bunduki ya aina gani unaitaka na kwa sababu ipi, polisi wakikubali inaandikwa kwenye cheti, na BAADA ya hapo ndipo bunduki inabadilishwa, na dila aliyesajiliwa ndiye wa kumpa hiyo kazi. Mpangilio huo haugeuzwi. Mtu akibadilisha leo akaomba kesho, ile siku ya katikati amekuwa mhalifu. Na urefu nao una sheria, kwa pampu na semi mtutu usipungue inchi 24 na bunduki nzima isipungue inchi 40, ikipungua hapo inaingia kwenye silaha zilizopigwa marufuku kabisa, na huko hatutaki hata kuchungulia.

Tofauti kubwa ya vyeti hivi viwili wengi hawaijui mpaka waingie. Cha shotigani, polisi wanakupa isipokuwa waone kuna sababu ya kukunyima, na ukishakuwa nacho unaweza kumiliki moja au kumi. FAC ni kinyume chake, wewe ndiye unayetakiwa kuonyesha sababu ya msingi, tena kwa kila silaha peke yake. Zamani FAC ilitaka wadhamini wawili na cha shotigani mmoja, ila tangu 2025 vyote vinataka wawili. Na cheti kinakuja na masharti yake ya matumizi, ukisema ni ya njiwa kwenye shamba la mkwe basi hiyo ndiyo kazi yake.

Sasa hapa ndipo naomba nikuulize swali kidogo kidogo. Njiwa wenyewe, risasi nane zitakusaidia nini? Nauliza kama mtu aliyewahi kukaa kwenye kile kibanda cha majani. Nilikuwa na cheti miaka 11, nikakirudisha kwa hiari nilipohamia mjini. Kundi la njiwa likishuka, ya kwanza unapata, ya pili ukiwa na bahati, ya tatu unapiga mkia, kuanzia ya nne ni mawingu tu na hela ya katriji. Waliokuwa wanarudi nyumbani na njiwa wengi sikuwaona na magazini ndefu, walikuwa wamekaa mahali sahihi, wamepanga zile sanamu za njiwa vizuri na wanajua ndege anapitia mstari gani. Na kuna kitu kingine, Wildlife and Countryside Act ya 1981 inakataza kupiga ndege wa porini kwa semi-otomatiki yenye magazini ya zaidi ya risasi mbili isipokuwa leseni ikuruhusu. Kwa njiwa mnategemea ile leseni ya jumla ya serikali, kwa hiyo isome maneno yake yote mwenyewe kabla ya kudhani, maana inataka pia muwe mnajaribu njia nyingine, mizinga ya gesi, tiara, watu wa kupita, yaani kuamia kwa kisasa. Na kama ulikuwa na mpango wa kwenda nayo kwenye kwale na fizanti, hao hawamo kwenye leseni hiyo, usithubutu.

Ofisa wa polisi akisoma "njiwa" atakuuliza swali hilo hilo langu, kwa nini tatu hazitoshi. Wapo wakulima wanaolijibu vizuri na wanapewa. Wewe unalo jibu? Sisemi huna. Nasema kwenye barua yako sijaliona.

Nilichokiona ni kingine. Umeandika mistari mingi ya njiwa, mingi na mizuri, lakini kuna mistari michache katikati umeiweka haraka haraka kama mtu anayepita mlango wa jirani usiku. Vibati vinaanguka, saa inahesabu, uko nyuma ya kamba unaokota maganda, "nilicheka sana siku hiyo". Mpwa, mtu aliyezika mama bila kumzika, akapita miezi saba ya dawa, halafu anakumbuka siku moja alicheka sana. Mimi ningeanzia hapo. Naweza kuwa nimekosea na wewe unajijua kuliko mimi, ila jiulize ukiwa peke yako kwenye trekta: ni njiwa, au ni ile siku?

Maana kama ni ile siku, basi ombi lako lina sura nyingine. Huo mchezo una chama chake, UKPSA, una mafunzo ya usalama kabla hujaruhusiwa kushindana, na uanachama wa kweli wa klabu, unaohudhuria, ni sababu ya msingi inayoeleweka na polisi kwa shotigani ya Seksheni 1. Ni mwendo wa polepole. Unaenda, wanakuona, unajulikana. Ulizia kama wanaruhusu mtu aanze na bunduki yake ya risasi tatu aliyonayo tayari kwenye cheti, kama ndiyo basi una mwaka mzima wa kujua kama unaupenda mchezo au ulipenda tu kucheka siku ile, bila kubadilisha hata skrubu moja. Hasara zake zipo pia, Jumapili zitaondoka, mafuta ya gari, katriji siku hizi si za kuchezea, na waifu ataona umeongeza bunduki na ukaongeza na kutokuwepo.

Kuna kitu kidogo ambacho sidhani umekifikiria. Baba mkwe na Jumamosi zake. Leo anaichukua hiyo semi kwa sababu ana cheti cha shotigani, na mwenye cheti anaweza kumwazima mwenzake mwenye cheti mpaka saa 72 bila makaratasi. Siku utakayoifanya hiyo hiyo iwe Seksheni 1, mzee haigusi tena, labda naye awe na FAC yenye silaha hiyo. Mzee wa baridi yabisi utampa nini, ile ya mitutu miwili inayopiga bega kama teke la punda? Ndiyo maana wengi wakifika huku hawaibadilishi ya zamani, wanatafuta ya pili ambayo tayari ni ya Seksheni 1, ya kwanza inabaki ilivyo. Ni hela zaidi, ila Jumamosi ya mzee inabaki.

Sasa daktari. Hapa naomba unisikilize bila kukunja uso. Unaona kama ukiomba FAC ndiyo utalifungua faili, usipoomba litabaki limefungwa. Haiko hivyo. Cheti chako ni cha miaka 5, ulipata 2022, kinaisha 2027, na tangu Novemba 2021 mwongozo wa serikali unataka taarifa za daktari kwa maombi yote, ya mara ya kwanza na ya kuhuisha, shotigani na FAC sawasawa. Hiyo ilikuja baada ya Plymouth, ambako watu watano waliuawa na mtu aliyekuwa amerudishiwa shotigani na cheti chake wiki chache tu kabla. Kwenye faili lako la hospitali kuna uwezekano mkubwa ipo alama inayosema huyu ana bunduki, na daktari akiona jambo la kumtia wasiwasi anaweza kuwaambia polisi bila kusubiri uombe chochote. Kwa hiyo swali la sonona litakuja. Wewe unachochagua ni lije lini, na likukute umesema au umenyamaza.

Na fomu inauliza waziwazi, sonona na wasiwasi wa kupindukia vimetajwa kwa majina. Kudanganya pale ili upate cheti ni kosa la jinai lenyewe. Lakini mwongozo huo huo hausemi aliyewahi kupata sonona basi hafai. Unataka wajue ilikuwa nini, ilitibiwa vipi, uko vipi sasa. Mtu aliyefiwa, akaenda mwenyewe kwa daktari, akatumia dawa akaziacha kwa maelekezo, hiyo ni hadithi ambayo ofisa mwenye akili anaweza kuisoma vizuri. Inaweza pia isisomwe vizuri, sitakudanganya, wapo watakaotaka kuzuia bunduki kwa muda huku wanaulizia, na wakiamua kukunyang'anya au kukunyima una siku 21 za kukata rufaa Crown Court, ambako kuna gharama na makovu yake. Hiyo ndiyo hatari ya kusema. Hatari ya kutosema ni kwamba 2027 watakuta mambo mawili, sonona na ukimya, na la pili ndilo litakalokuwa gumu kulielezea.

Kabla ya polisi ningeanza kwa daktari mwenyewe. Weka miadi ya kawaida, mwambie nina cheti cha shotigani, nafikiria kuomba FAC, je, ukiulizwa juu yangu utaandika nini? Utatoka pale unajua umesimama wapi. Kama wewe ni mwanachama wa BASC au shirika jingine la wawindaji, piga simu kwao pia, wana watu wa kazi hiyo hiyo ya leseni na wamesikia barua kama yako mara nyingi.

Nimebakiza waifu, na nimemweka mwisho kwa sababu nadhani yeye ndiye alitakiwa kuwa wa kwanza.

Umeniandikia kama vile yeye ni kikwazo namba moja na daktari kikwazo namba mbili. Sasa soma tena alichosema. Hakusema hapana. Alisema kabati, ufunguo, halafu akauliza "kwa nini". Ni swali lile lile la fomu ya polisi, sababu yako ya msingi ni ipi, isipokuwa yeye ameliuliza jikoni akiwa na kikombe. Na hilo la ufunguo ni kweli, asiye na cheti hatakiwi kuweza kufika kwenye bunduki, hata awe mkeo, hilo huwezi kulibadilisha. Lakini fikiria linavyokaa kwake: mume amenyamaza mwaka mzima wa 2024, anatembea usiku, halali, na kuna kabati ndani ambalo yeye peke yake ndiye hawezi kulifungua. Ulimwambia kuhusu zile dawa? Hujaniandikia, umesema tu hujamwambia mtu. Kama hajui, basi hofu yake ya Plymouth inawezekana si ya Plymouth peke yake. Wanawake wanaona, mpwa. Anaweza kuwa aliiona pakiti kwenye mfuko wa koti la mvua akairudisha akasubiri useme.

Na kwa upande wa vitendo pia, polisi siku hizi wanaweza kuzungumza na mtu unayeishi naye. Hutaki asikie habari ya sonona yako kutoka kwa ofisa mwenye kishikwambi kwenye sofa yenu.

Kwa hiyo mimi sina namna ya kukuambia omba au usiombe. Naona njia tatu na zote unaweza kuishi nazo. Ukibaki na tatu, utapoteza njegere kiasi na utakuwa na mwaka wa kupumua. Ukienda klabu na bunduki uliyonayo, utajua kitu kuhusu wewe mwenyewe kabla ya kujaza fomu. Ukiomba FAC sasa hivi unaweza kupata, ukiwa umeshaongea na daktari na mwenzio. Ya gazeti siihesabu.

Ukitaka mahali pa kuanzia wiki hii, usianze na fomu. Msubiri watoto walale, chemsha chai, kaa mezani palepale, na umwambie habari ya mazishi uliyoyakosa, yote, mpaka zile dawa. Bunduki usiitaje siku hiyo. Siku nyingine, kama wale wa vibati wanakutana tena, mwalike mje wote wawili msimame nyuma ya kamba, awaone ni watu gani, aulize maswali yake mwenyewe, tena hawa wa klabu huwa wanapenda kuulizwa mpaka inakera.

Halafu niandikie. Na mzee msalimie, mwambie Mjomba anauliza njegere mwaka huu zimebaki ngapi.

Mjomba